Neno la Mwalimu Nililolikalia

Nimefundisha jiometri miaka mingi, na wanafunzi wangu wote walijua jambo moja kuhusu mimi: mtu akipeleka rula kwenye swali la kuthibitisha, napandwa na hasira. Napiga meza. "Nani amekuambia upime? Umeulizwa urefu ama umeulizwa sababu?" Walidhani ni ukali wa mwalimu tu. Huko nje walikuwa wakiiga sauti yangu na kucheka, na wengine waliiga vizuri kuliko mimi mwenyewe. Hawakujua niliyekuwa namgombeza ni nani. Sasa nimezeeka, sina wa kumwogopa, wacha niseme.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache kabla. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka stesheni ya Bungoma. Shule yetu iliishia hapo. Aliyetaka kidato cha tatu alipaswa kupita mtihani, tena apite vizuri, ndipo achukuliwe na shule kubwa ya mbali. Na mwaka ule tuliambiwa waziwazi kwamba shule kubwa ingechukua mtu mmoja tu kutoka kwetu. Mmoja! Sisi tulikuwa kumi na wanane. Lakini hata mpishi wa shule alijua kuwa mashindano ni ya watu wawili, mimi na bakoki yangu.

Bakoki ndivyo tunavyoitana sisi Wabukusu tuliotahiriwa msimu mmoja. Si jina la mchezo. Ukimkuta bakoki wako anakula, unakaa unakula, huulizi. Ukimkosea, mnatukanana wenyewe mpaka yaishe. Na jambo moja hulifanyi hata ukichapwa: humshtaki bakoki wako kwa mtu mwingine. Mwenzangu alikuwa ameletwa kutoka Kitale kwa babu yake kwa ajili ya kutahiriwa, tukapakwa tope mto mmoja asubuhi moja, na baadaye tukajikuta dawati moja. Watu walikuwa wanasema mmoja wetu akipiga chafya mwingine anajifuta pua.

Baba yake alikuwa skwota, anaruhusiwa kukaa kwa sababu ya kazi yake tu, kwenye shamba la setla mmoja Mzungu ng'ambo ya Kitale, upande wa Kachibora. Kazi yake pale ilikuwa kujenga maghala ya mahindi. Hakujua kusoma, lakini alikuwa na kamba yenye mafundo kumi na mawili, nafasi sawasawa, imeunganishwa ncha kwa ncha. Unaivuta kwenye vigingi: nafasi tatu upande huu, nne upande ule, tano zinafunga. Kona inatoka imenyooka, huwezi kuikosoa. Ukimaliza kona zote nne unapima kutoka kona hii mpaka ile inayoitazama, halafu nyingine mbili, zikilingana, jenga. Bakoki yangu alishika kamba hiyo kabla hajashika kalamu. Kwake yeye jambo lilikuwa la kweli likishapimwa. Na kusema haki, sikusikia hata siku moja kwamba ghala la baba yake limepinda.

Kwa hiyo jiometri aliifanya hivyohivyo. Mpe swali: thibitisha kwamba pembe hizi mbili zinalingana. Mimi ningeanza kuhangaika na sababu, hii ni sambamba na ile, kwa hiyo hivi, nafuta, naanza tena. Yeye alichonga penseli, akachora umbo safi la kupendeza, akaweka protrakta, akapima, akaandika: digrii arobaini na moja, digrii arobaini na moja, kwa hiyo zinalingana. Amemaliza! Mwalimu wetu alikuwa akimpa vema. Alikuwa mtu mzuri, mwalimu yule, mwenyeji wa Bumula, lakini jiometri yenyewe aliisoma juujuu chuoni, na kwake jibu sahihi lilikuwa jibu sahihi. Mimi nilipata vema na bakoki akapata vema, ila yeye alimaliza mapema na umbo lake likawa zuri zaidi. Katika masomo mengine yote alikuwa ananipita. Si sana. Alama mbili, alama tatu. Lakini kila wiki.

Nilikuwa nampenda. Msifikiri nilikuwa simpendi. Lakini mama yangu alikuwa ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanawe anakwenda shule kubwa, na kila Jumapili walikuwa wananishika mkono wakiniambia, "Tunakuombea, baba." Mpaka nikawa naogopa kwenda kanisani.

Wiki mbili kabla ya mtihani, bakoki akaitwa nyumbani. Baba yake alikuwa ameumia mguu wakati wa mavuno, na skwota asipotoa mtu wa kufanya kazi, setla anaweza kumwambia ang'oe nyumba yake aondoke. Mwenzangu ilibidi aende akavune badala ya baba. Siku ya kuondoka alinishika bega, akaniambia, "Bakoki, chochote mwalimu atasema, uniwekee. Nakutegemea."

"Nenda bana," nikamwambia. "Nitakuwekea yote."

Na hapo nilikuwa nasema kweli. Nilimwandikia kila somo kwa mkono wangu, hata nukta.

Alhamisi ya wiki ya pili mwalimu alirudi kutoka mkutano wa walimu huko Kakamega. Aliingia darasani akiwa na uso wa mtu aliyekaripiwa. Akaweka vitabu mezani, akasema, "Vijana, nimewakosea." Sisi tukatazamana, mwalimu wa siku hizo hakuwa anasema maneno kama hayo. Akaeleza kwamba watahini wamekasirika. Wamesema wanafunzi wa huku kwetu wanapima badala ya kuthibitisha, na mwaka huu atakayepima hapati kitu. Si nusu, si robo. Sufuri. Akachora ubaoni pembenne iliyopinda ovyoovyo, makusudi, akasema, "Umbo lako linaweza kuwa baya hivi na bado sababu zako ziwe nzuri. Wao wanataka sababu." Siku ile yote na Ijumaa asubuhi tukafanya sababu tu.

Ijumaa mchana aliniita nje. Alikuwa anaondoka na baiskeli kwenda kusimamia mtihani katika shule nyingine, maana walimu hawakuruhusiwa kusimamia wanafunzi wao wenyewe. "Yule mwenzako atarudi kesho," akasema. "Ndiye ninayemwogopea. Mwambie neno hili kabla hujamsalimia. Aache kupima. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Akapanda baiskeli akaenda.

Bakoki aliwasili Jumamosi saa nne, kwa lori la mahindi mpaka Kimilili na kwa miguu mpaka shuleni. Mikono yake ilikuwa imechanwa na majani ya mahindi. Alikuwa na mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko wa turubai, akanipa mawili makubwa akabaki na dogo. Akala upesiupesi, akanawa, akaniambia, "Haya, lete jiometri."

Ninajua mahali tulipokaa. Ngazi ya nyuma ya darasa, jua la kutosha, kuku wa mwalimu wakipitapita. Nilimpa daftari la masomo mengine yote. Jiometri ya Alhamisi na Ijumaa ilikuwa kwenye daftari lingine, na daftari hilo nilikuwa nimelikalia. Sisemi mfano. Nilikuwa nimelikalia, matako yangu juu yake.

Akafungua karatasi ya mtihani wa zamani. Swali la kwanza: chukua pembenne yoyote, unganisha nukta za katikati za pande zake nne; thibitisha kwamba umbo linalotokea ndani pande zake zinazotazamana ni sambamba na zinalingana. Swali tamu. Unachora mstari mmoja tu kutoka kona hadi kona, na lote linafunguka lenyewe. Mwalimu alikuwa amelifanya jana yake mbele ya macho yangu.

Bakoki alichora. Lo, alichora vizuri! Akafungua bikari, akapima upande, akauhamisha, ukalingana. Akapima wa pili, ukalingana. Akacheka. "Tazama bana. Hata ukiipindisha namna gani, ndani inatoka sawa. Nani aliiweka hivyo?" Akachora nyingine iliyopinda zaidi, akapima, akacheka tena. Alifurahi kweli, si furaha ya kushinda mtu. Alifurahia lile jambo lenyewe. Mimi sijawahi kufurahia jiometri hivyo, na nimekula mkate wake maisha yangu yote.

Neno lilikuwa mdomoni. Nilisema moyoni, amalize hili, nitamwambia. Akamaliza. Nikasema, amalize la pili.

Baada ya la nne akaweka penseli sikioni, akaniuliza, "Na mwalimu alisema nini nilipokuwa sipo? Juu ya jiometri?"

Aliniuliza mwenyewe! Nilikuwa nimefunguliwa mlango, ni kuingia tu. Nikaitazama mikono yake ile iliyochanika, nikawaona akina mama wa kanisa, nikaona ile nafasi moja.

"Alisema tufanye mazoezi tu," nikasema. "Hakuna jipya."

"Basi vizuri," akasema, akaendelea kupima.

Jumapili nilikuwa na nafasi tele. Tulitoka kanisani pamoja, tukala pamoja, tukafua mashati ya mtihani mtoni pamoja. Nilijipa kila sababu mtu anayoweza kujipa. Nilisema labda swali la kuthibitisha halitatoka. Nilisema ni kazi ya mwalimu kumwambia, si yangu. Hata methali nilizitafuta: asiyekuwapo na lake halipo. Methali ni nzuri sana kwa mtu mwenye hatia, zinamkubalia chochote. Wale wengine kumi na sita kila mtu alikuwa na wasiwasi wake, na wote walijua mimi ndiye niliyetumwa. Nani angefikiri kwamba sikusema?

Jumatatu karatasi ya hesabu ikaja, jiometri tupu. Maswali matano, na matatu yalikuwa ya kuthibitisha. Moja lilitaka ile pembe inayokaa ndani ya nusu duara: thibitisha kwamba siku zote ni digrii tisini. Nilikuwa nimekaa nyuma yake upande wa kushoto. Nilimwona akichora nusu duara, polepole, kwa upendo. Nilimwona akitoa protrakta. Yangu ilikuwa mezani pia, sikuigusa. Niliandika sababu zote, mstari kwa mstari, bila kosa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningekosea hata kidogo!

Alipotoka nje alinikimbilia, akanikumbatia mbele ya watu. "Bakoki, ile ya nusu duara nimepima mahali patatu! Patatu pote tisini, hata nywele haikupita!"

"Vizuri," nikasema. Nikaenda nyuma ya choo nikakaa huko mpaka watu wote wakaondoka.

Majibu yalikuja Januari. Masomo yote alikuwa mbele yangu, kama kawaida, isipokuwa hesabu. Kwenye hesabu alikuwa ameanguka, na ukianguka hesabu umeanguka yote. Tuliitwa shuleni mmoja mmoja. Mimi nilipofika, yeye alikuwa ameshaondoka. Mwalimu alikuwa ofisini peke yake, na barua mbele yake. Hakunikaribisha kiti.

"Ulimwambia mwenzako neno langu?"

Ilikuwa nafasi ya tatu ya kusema kweli, au ya kumi, sijui. "Nilimwambia, mwalimu."

Akachukua kalamu. "Basi," akasema. "Hongera." Akaandika jina langu kwenye barua.

Nikaenda shule kubwa. Akina mama wa kanisa waliimba mpaka stesheni. Nikasoma, nikapita, nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi Bungoma kufundisha. Bakoki alibaki kule kwa setla. Nilisikia ameandikwa kazi ya baba yake, halafu nikasikia ameoa, halafu amepata mtoto. Kila mara nilisema nitakwenda likizo hii. Mwaka mmoja nilitumwa Kitale kuchukua vitabu, nikamwona sokoni, amesimama na mke wake wakichagua jembe. Alikuwa amenenepa kidogo. Kati yetu palikuwa na hatua ishirini hivi. Nikageuka, nikapita nyuma ya maduka ya Wahindi nikatokea upande wa pili, mtu mzima, mwalimu na tai shingoni, nakimbia kama mwizi wa kuku. Nilirudi nyumbani nikamgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi.

Nilijua nimemnyang'anya shule. Hilo nililijua kila siku, na nilidhani nalijua peke yangu. Nilifarijika hivyo, kusema kweli: yeye alidhani ameanguka tu, kama watu wanavyoanguka.

Miaka ikapita kumi, karibu kumi na moja. Siku moja ya Jumanne, mjini Bungoma, nikakutana na mwalimu wetu wa zamani. Alikuwa ameacha kazi, amezeeka, ameshika mkongojo. Tukakaa kwenye hoteli ndogo karibu na reli, nikamwagizia chai. Aliuliza habari za watu wote wa darasa, na akamfikia yeye.

"Yule alikuwa na kichwa," akasema. "Nilimwonea huruma. Unajua nilimwita yeye kwanza, kabla yako? Barua ya shule kubwa ilikuwa mezani, jina halijaandikwa. Nikamwambia, mimi nilimtuma mwenzako akuambie uache kupima. Alikuambia ama hakukuambia? Kwa sababu kama hakukuambia, mimi nakwenda kwa mkubwa wa misheni leo hii, aombe wakuchukue kwa masomo yako mengine. Nafasi itakuwa yako, na yeye ataondoka hapa kwa aibu."

Kikombe changu kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nikakirudisha.

"Aliitazama tu ile barua," mwalimu akasema. "Nilifikiri hakusikia. Halafu akaniambia, 'Aliniambia, mwalimu. Ni mimi nilisahau.' Basi ningefanya nini? Mtoto akisahau, amesahau." Akanywa chai yake. "Lakini haikunikaa vizuri. Mtoto yule hakuwa wa kusahau."

Sikumbuki nilivyoagana naye. Nakumbuka nikitembea kando ya reli na kusema kwa sauti, peke yangu, "Alijua! Alijua siku zote!" Wanawake waliokuwa wametoka sokoni wakanipisha njia. Alijua tangu ile dakika. Neno moja tu, "hakuniambia," na angepanda gari la moshi yeye badala yangu. Lakini kusema neno hilo ilikuwa ni kumshtaki bakoki wake, na akakataa. Nafasi niliyodhani nimeiiba, nilikuwa nimepewa.

Jumamosi nilikwenda. Nilifika Kachibora saa sita, nikaelekezwa kwenye kiwanja ambako walikuwa wanaanza kujenga kanisa. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona moja ya msingi na vijana watatu wakimsaidia. Aliponiona alisimama, akajipangusa mikono, akawaambia vijana wapumzike. Tukasalimiana. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakatoka yote kwa mara moja, bila mpangilio: Ijumaa, baiskeli, daftari nililolikalia, "hakuna jipya," uongo wa ofisini. Nililia, sioni haya kusema. Mwanaume mzima nililia mbele ya vijana wa watu. "Nimekuja kukuomba msamaha, bakoki," nikasema. "Nilikuharibia maisha."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu hakuwa na hasira, na mimi nilikuwa nimeitamani hasira yake.

"Maisha yangu hayakuharibika," akasema. "Nina mke, nina watoto, nina kazi. Shule niliililia, ndiyo, lakini si sana. Unajua nilichofanya Januari ile? Nilikaa nyumbani wiki tatu bila kuandikwa kazi. Baba ananiuliza, 'Wewe unangoja nini?' Nilikuwa nakungoja wewe. Nilisema atakuja. Atakuja aniambie mwenyewe, nitamtukana, pengine nitampiga, halafu yaishe tuendelee. Kila lori likisimama pale barabarani nilikuwa natoka kuangalia."

"Sasa nimekuja," nikasema.

Akanitazama. "Mwalimu umemwona lini?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nimekutana na mwalimu. Nilikuwa nimemtaja katika habari za siku zile tu, lakini ndiye peke yake aliyesikia jibu lake kule ofisini. "Jumanne," nikasema.

"Na leo ni Jumamosi." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejumlisha. "Alikuambia kwamba mimi najua."

"Ndiyo."

"Kama hangekuambia, ungekuja?"

Pale kwenye kiwanja, mbele ya uso wake, nilitafuta kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta jibu lolote, na sikupata isipokuwa moja.

"Singekuja," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia, kama anavyoambiwa mgeni, mke wake yuko nyumbani, niende nikale, asingependa nirudi na njaa. Halafu akawaita vijana wake waendelee na kazi.